Kituo Kilichohamishwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika. Saa tisa na nusu badala ya saa saba. Miguu imevimba, begi limekatika mkanda, na hasira niliyo nayo inatosha kuchemshia maji.

Mdogo wangu aliahidi kunipokea. Natoka nje ya stesheni kuu na begi na dumu la asali ya mama, naangaza huku na huku — hayupo. Nampigia. Ati yuko kiwandani, kuna mitungi ya rangi imeharibika, hawezi kutoka. Nipande treni ya laini ya kijani, vituo tisa, halafu basi namba thelathini na moja. Rahisi tu, dada.

Rahisi! Miaka ishirini na miwili naendesha basi la wauguzi kule kwetu, na sijawahi kumwambia abiria neno hilo. Ukimwambia mtu njia ni rahisi, akipotea anajiona mjinga, anaona haya kuuliza.

Mwanamke wa dirishani hauzi kadi ya treni. Kazi yake ni kunyoosha kidole kuelekea mashine. Mashine nayo haina mdomo. Nimeibonyeza mpaka walio nyuma yangu wakaanza kupumua kwa sauti. Geti likafunguka, nikapita na begi, nikajipongeza. Mapema mno. Kituo cha tano akapanda mkaguzi, akaigusisha kadi yangu kwenye kidude chake, akaniambia haikusomwa. Nikamwambia geti lilifunguka. Akasema lilimfungukia aliyenitangulia. Nikashushwa mbele ya watu, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, kama mwizi wa kuku. Akaandika jina langu kwenye kikaratasi na kuniambia mara nyingine nitapelekwa ofisini.

Mama ndiye aliyenifungulia mlango. Amepungua. Bega moja limeshuka. Lakini jicho ni lile lile. Nikamweleza pale mlangoni yaliyonikuta. Kabla ya kunikumbatia akauliza nilishushwa kituo gani. Nilipomwambia akatikisa kichwa: pale mkaguzi hupanda kila siku mchana. Halafu akaniambia kesho nikae behewa la mwisho, kwa sababu ukishuka unakuta ngazi ziko usoni kwako, husukumwi na mtu.

Huyu ndiye ninayeambiwa akili imeanza kumtoka.


Jumanne, 4 Machi

Leo nimeambiwa nilichoitiwa. Kwenye simu mdogo wangu alisema mama ananikumbuka. Kumbe kuna fomu.

Tulikaa jikoni, mlango umefungwa. Mama alikuwa sebuleni nyuma ya pazia. Ndiko anakolala, kitanda cha chuma na maboksi mawili ya nguo, miaka saba sasa, tangu baba afariki. Mdogo wangu akaeleza kwa sauti ya chini kama anayesoma risala. Mama amepotea mara mbili. Januari polisi walimrudisha. Februari akakutwa kwenye soko la vyuma chakavu, upande wa pili wa jiji, amekaa juu ya tairi. Kila akiulizwa anajibu alikuwa anakwenda kwa shoga yake, Bi Pasi, waliyefanya naye kazi ya kufua na kupiga pasi hospitalini zamani. Mdogo wangu anasema hakuna mtu huyo. Alishawahi kumpeleka kwa gari wamtafute, mama akashindwa kumwonyesha nyumba.

Kuna nyumba ya wazee nje ya jiji. Wana nafasi. Daktari atampima mama Alhamisi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, na watoto wote wawili watie sahihi. Picha zipo kwenye simu: bustani, mabenchi, bibi mmoja anacheka na muuguzi.

Nikamwuliza aliniita nije kumwona mama au nije kushika kalamu. Akasema, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma:

"Unabeba mama za watu kila siku, dada. Huyu wako ni mwaka wa nne hujamwona."

Nikaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Wifi alibaki nyuma. Simpendi sana, lakini si mtu mbaya. Aliniambia mama ameacha gesi wazi mara mbili, mara ya pili mtoto wao alikuwa amelala ndani. Hasemi kwa ubaya, akasema. Anaogopa tu kutoka kwenda kazini.


Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kuiona hiyo nyumba ya wazee. Peke yangu, kwa njia ambayo mtu asiye na gari angekwenda kumwona mama yake.

Basi. Treni. Treni nyingine. Basi jingine, linalopita mara moja kwa saa, na lilinipita nikiwa navuka barabara — dereva aliniona! Nilimwona akiniona. Kwetu ningekufanyia hivyo wewe muuguzi, ungenifukuzisha kazi kabla ya jioni. Halafu kutembea kando ya barabara kuu, hakuna njia ya waenda kwa miguu, malori yananivuta shuka la mabegani. Saa mbili na dakika kumi, kwenda tu.

Bustani ipo kweli. Mabenchi yapo. Wazee wamekaa wameelekezwa getini, kama abiria wanaosubiri gari lililofutwa.

Nikamwuliza mlinzi Jumapili iliyopita walikuja wageni wangapi. Akafungua daftari lake. Watatu. Wazee ni arobaini na mmoja.

Aliyechagua kujenga pale hakuwa na mama. Au alikuwa naye.


Ijumaa, 7 Machi

 

Jana jioni nilikaa kitako na mama, nikamwomba anieleze njia ya kwa Bi Pasi. Akaeleza bila kusitasita. Namba kumi na nne mpaka mwisho wa njia. Unavuka kwenye taa. Unapita ukuta wa shule, unahesabu majengo manne, mlango wa bluu, chini, mkono wa kushoto. Nikaandika kila neno. Leo, alipokuwa amelala mchana, nikatoka kwenda kumtafuta huyo mtu asiyekuwapo.

Namba kumi na nne haiendi tena mpaka mwisho wa njia. Haisemi kwamba haiendi. Kibao cha mbele bado kina jina lile lile. Inafika kwenye daraja, inageuza, dereva anazima injini na kutangaza mwisho bila kugeuza shingo. Wenyeji wakashuka wakatawanyika kama siafu. Mimi nikabaki nimesimama chini ya daraja, njia sita zinakutana, hakuna taa, hakuna ukuta wa shule. Kwenye nguzo palikuwa na karatasi ya tangazo iliyonyeshewa ikabaki gundi na herufi tatu.

Nikauliza. Mmoja akanionyesha kulia. Mwingine akanionyesha alikotoka yule wa kwanza. Simu ikazima. Nikatembea kwa akili ya dereva: jua liko wapi, malori makubwa yanaelekea wapi. Saa nzima na nusu. Nikapita mahali pa kuchomelea mageti, nikapita mtaro, nikaingia kwenye uchochoro wa mabati, na uchochoro ukanitapika — kwenye soko la vyuma chakavu.

Nilisimama nikaangalia zile tairi. Nikakaa juu ya moja.

Mimi. Mwenye leseni ya magari makubwa. Ambaye sijawahi kuchelewesha zamu ya asubuhi hata siku moja ya mvua. Nimepotea pale pale alipopotea mama, na nimekaa pale pale alipokaa. Kama yeye ni wa kupelekwa, twende wote, wanitafutie benchi.

Muuza vyuma mmoja alinipa maji, akaniambia tangu Januari anaona watu wakitokea pale na macho yamewatoka. Kituo kimehamishwa, kiko nyuma ya shule, upande mwingine kabisa. Akasema aliwahi kumpa maji bibi mmoja mwenye mkoba wa kahawia, aliyekuwa anamtukana dereva kwa ufasaha.

Mkoba wa mama ni wa kahawia.

Nilikwenda hadi ofisi ya mabasi. Nilipanga kuongea taratibu. Binti wa dirishani akaniambia tangazo lilitolewa, liko kwenye app. Nikamwambia mama yangu ana miaka sabini na sita na simu ya vitufe. Akasema basi awe anaulizia. Nikamwuliza kama yeye mwenyewe anajua kituo kilipo sasa. Akafungua simu yake atafute.

Niliondoka kabla sijasema neno ambalo lingenilaza ndani.


Jumamosi, 8 Machi

Nilimwambia mama nilikotokea jana. Nilidhani atakasirika kwamba sikumwamini. Alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema mara ya kwanza alilia, mara ya pili alitukana, mara ya tatu akatafuta njia nyingine. Nikamwuliza mbona hakumwambia mwanawe. Akasema mwanawe huuliza maswali akiwa ameshika funguo za gari.

Tukaenda wote. Hakupanda namba kumi na nne. Alinipitisha njia ambayo haipo kwenye ramani yoyote niliyoona: treni vituo vitatu, behewa la mwisho, tukatokea mlango wa nyuma wa stesheni, tukapita katikati ya jengo la maegesho, tukapanda basi dogo la wafanyakazi wa kiwanda cha mikate ambalo si la umma hata kidogo. Dereva akamsogezea kiti bila kuulizwa. Mimi akaniuliza ni nani. Mama akajibu, mgeni wangu.

Mlango wa bluu. Chini, mkono wa kushoto.

Bi Pasi yupo. Amelala kitandani, miguu haimbebi tena, lakini mdomo unambeba vizuri. Aliniambia mimi ndiye yule mtoto aliyemtapikia kwenye shuka za hospitali. Binti yake, ambaye ni mshonaji na cherehani yake iko pale pale miguuni pa kitanda, alisema mama huja kila Jumanne na kila Jumamosi, zaidi ya mwaka sasa, na ndizo siku mbili anazoweza kupeleka kazi kwa wateja. Mama akavua viatu, akamchana Bi Pasi nywele, akamkata kucha, akampaka mafuta miguuni. Wakasengenya watu waliokufa zamani. Sijamwona mama akicheka hivyo tangu baba alipokuwa hai.

Niliondoka pale nimejaa hasira tamu. Nilikuwa tayari nimeshapanga maneno. Nitamkalisha mdogo wangu jikoni, mlango umefungwa, nimsomee risala yangu.

Ndani ya treni, tukirudi, mama aliegemeza kichwa begani kwangu. Tukapita vituo viwili. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama baba yangu ameshakula au anatusubiri.

Akaangalia dirishani. Baada ya kituo kimoja akasema tushuke kinachofuata, na kilikuwa ndicho.


Jumapili, 9 Machi

Nimemweleza mdogo wangu habari za Bi Pasi, mlango wa bluu, kituo. Alikaa chini. Aliomba nimwonyeshe kwenye ramani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mtu mwenye haki ya kumpiga.

Habari ya baba sikumweleza. Kwa hiyo mwongo sasa ni mimi.


Jumatano, 12 Machi

Tumegombana. Ilikuwa lazima.

Jumatatu na jana mama alikuwa sawa, sawa kabisa. Jana alikwenda kwa Bi Pasi peke yake na kurudi saa kumi kamili. Leo asubuhi nikamkuta jikoni amesimama mbele ya jiko, ameshika kiberiti, hajui kama anawasha au amezima. Ni dakika moja tu. Nilichukua kiberiti. Wifi alikuwa mlangoni. Akageuka akaenda zake, na hilo lilinikasirisha kuliko kama angepiga kelele.

Jioni mdogo wangu akarudi na ratiba. Kesho ataomba ruhusa, atatupitia kwa gari saa tatu, atupeleke kwa daktari. Akaanza kunieleza atakachomwambia daktari. Nikamwuliza kama mama atapewa nafasi ya kusema lake. Akasema bila shaka. Nikamwambia mara zote nilizokaa mezani pao wiki hii, mama akiulizwa chai, anajibu yeye.

Akasema mimi ni mgeni. Nitarudi kwetu Jumapili, na yeye atabaki na gesi, na polisi, na simu za mchana akiwa juu ya ngazi kiwandani. Akasema usingizi wake wote ni wa sikio moja. Akasema nyumba hii ina vyumba viwili na hasira za watu wanne, nami nimekuja kuongeza zangu. Yote ni kweli. Kila neno. Ndiyo maana nikasema nilichosema.

Nikamwambia atupishe na gari lake. Mama ataniongoza mwenyewe. Tangu mlangoni hapa mpaka kwa daktari, mimi sitafungua mdomo kuonyesha njia. Aliwahi kwenda hospitali hiyo ya daktari alipovunjika mkono, anaijua. Akinifikisha saa nne, fomu hiyo sitii sahihi, tutafute njia nyingine, mimi niombe uhamisho, tuajiri mtu wa mchana, chochote.

"Na akikupoteza?" akauliza.

"Nitatia sahihi."

Wifi aliacha kukunja nguo. Mdogo wangu aliniangalia kama hanijui. Akasema, "Huyu ni mama, dada. Si leseni."

Akaenda chumbani kwake. Nasikia anatembea upande wa pili wa ukuta. Na mimi nimekaa kitandani na daftari hili, nimekasirika na mtu mmoja tu, naye ndiye anayeandika. Nani alinipa haki ya kumtahini mama yangu kwa vituo vya basi? Nimefanya hasa kile nilichowakatalia wao. Nimeongeza saa tu.

Nilikwenda nyuma ya pazia kumweleza. Nilimwambia yote, hata sahihi. Alisikiliza. Akauliza daktari mwenyewe ni mwanamume au mwanamke. Halafu akaniagiza nimpigie pasi gauni la kijani.


Alhamisi, 13 Machi

Naandika ndani ya basi. Herufi zinaruka, sijali. Nisipoandika nitasema, na niliapa sitasema.

Tulitoka saa mbili na dakika ishirini. Gauni la kijani, mkoba, fimbo ambayo huwa anaisahau, leo ameishika. Namba thelathini na moja, sawa. Treni, behewa la mwisho, sawa. Jana usiku nilijifunza njia yote kwa siri kwenye simu, kama mwanafunzi anayeiba mtihani: stesheni ya makutano, laini ya samawati, vituo vitano, unatokea mlangoni kwa hospitali. Watoto wa chekechea wangefika.

Pale makutano tukasimama. Watu wanatupita pande zote mbili. Kibao kikubwa juu, mchoro wa kitanda cha hospitali na mshale, kulia. Mama akatazama mshale. Akageuka kushoto.

Nilivunja kiapo. Nilimshika kiwiko, nikamwambia kibao kinasema kulia. Hakukasirika. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa na miaka sita.

"Kibao hakiendi popote, mwanangu. Mimi ndiye ninayekwenda."

Akapanda ngazi. Nikamfuata. Tukatokea barabarani mahali nisipopajua, akapungia mkono basi dogo lisilo na namba, akapanda, akakaa kiti cha mbele dirishani, akaweka mkoba magotini.

Sasa ni saa nne kasoro dakika kumi na nane. Tumepita karakana ya tairi. Tumepita ukuta mrefu sana, wa shule labda. Ukuta wa shule! Leo ni Alhamisi, si Jumanne, si Jumamosi. Kama anakwenda kwa Bi Pasi kumchana nywele, amepoteza siku, na mimi nimempoteza yeye.

Simu imetetemeka mara tatu. Mdogo wangu. Atakuwa ameshafika, amekaa pale na fomu magotini. Sipokei. Nitamwambia tuko wapi? Kwamba sijui?

Nyuma kuna mama mmoja amekumbatia bahasha kubwa ya kahawia, zile wanazotilia picha za mifupa. Au ni bahasha tu. Nimeitazama mpaka ameificha.

Dereva yuko hatua mbili mbele yangu. Anaendesha vizuri, anabadili gia bila kumtikisa mtu. Naweza kumgusa bega nimwulize basi hili linakwenda wapi. Sekunde tatu. Abiria wangu huniuliza kila siku, na sijawahi kumdharau mmoja. Lakini nikimwuliza, nimeshamjibu daktari.

Saa nne kasoro kumi na moja.

Mama amesimama. Ameshika bomba kwa mkono mmoja, fimbo na mkoba kwa mwingine, uso ameuelekeza mlangoni. Hajaniangalia. Amesema tu, jiandae.

Nachungulia nje. Lori la maji, kibanda cha simu, ukuta mwingine. Sioni hospitali. Sioni kibao. Sioni hata kituo, na basi linaanza kupunguza mwendo. Nafunga daftari, namfuata.